Mguu wa Kwanza Mwaka wa Farasi

Nhai alishuka kwenye basi la usiku alfajiri ya Tet, mwaka mpya wa kwao, akiwa amevaa koti zito la kwao milimani, na kabla hajazimaliza ngazi tatu za basi jasho lilishamfika kiunoni. Joto la Saigon lilimkumbatia kama ndugu aliyemkosa miaka mingi. Akalivua koti, akalifunga juu ya begi lake la mgongoni, begi lililokwisha kubeba vumbi la miji tisa tangu Ha Giang, akacheka peke yake.

Basi zima lilikuwa na abiria saba. Nani asafiri usiku wa kuamkia mwaka mpya? Saa sita kamili dereva alisimamisha gari kando ya njia, akamgawia kila mmoja bahasha nyekundu yenye pesa ya heri, akasema, "Haya, mmezeeka mwaka mmoja. Rudini kulala."

Sasa tusifichane. Msichana wa Kivietinamu, miaka thelathini, yuko njiani na begi siku ambayo hata mlevi hukumbuka kwao. Lazima pana jambo. Na jambo lilikuwa hili: kila Tet, shangazi zake wanane na wajomba watano humweka mtu kati na kumwuliza swali moja tu. Mume yuko wapi? Mwaka huu Nhai aliwaambia ana safari, akaifunika cherehani yake kwa shuka, akapanda gari la kuelekea kusini. Karibu kilomita elfu mbili alikuwa amelikimbia swali hilo, na kila mji aliofika alikuta halijafika.

Kituo cha mabasi kimeshikana na kituo cha treni ya mjini. Treni hiyo alikuwa akiiona kwenye simu tu, na sasa ilikuja kimyakimya, nyeupe, milango ikajifungua yenyewe kama inamfahamu. Viti vilikuwa vitupu lakini hakukaa. Alisimama, pua kwenye kioo. Treni ilipita juu ya nguzo, juu ya mapaa, na kila paa lilikuwa na chungu cha maua ya njano ya Tet. Huko kwao Kaskazini maua ya Tet ni ya rangi ya waridi, akahisi kama mtu aliyeamka akakuta kuta za nyumba zimepakwa rangi nyingine. Ukaja mto, mpana, una meli. Likaja jengo la ghorofa themanini na moja. Akaanza kuzihesabu, akafika thelathini na mbili, treni ikampita nazo. Kwao jengo refu ni la benki, lina ghorofa sita, na watu hupiga picha mbele yake wakifunga ndoa. Alipiga picha kumi na nne, na baadaye akakuta tisa kati ya hizo ni za paji la uso wake.

Treni ikazama chini ya ardhi, akatokea sokoni Ben Thanh, akasimama tayari kufa. Kila aliyekutana naye njiani alimwonya kuhusu pikipiki za Saigon: usisubiri zipungue, hazipungui, tembea polepole usirudi nyuma. Alikuwa amelifanyia mazoezi jambo hilo mji kwa mji. Na sasa barabara pana kama uwanja wa mpira, na juu yake hapana hata pikipiki moja. Mji ulikuwa bado umelala, umejifunika bendera nyekundu. Basi akavuka mara mbili, kwenda na kurudi, ili tu mazoezi yasipotee, na mara ya pili akapita katikati kabisa, taratibu, kama bibi harusi.

Mwanamke mmoja aliyekuwa amefungua kibanda alimwuzia andazi la mvuke lenye nyama ndani. Nhai alikula nusu. Nusu akampa mbwa wa rangi ya mchanga, sikio moja limekunjika, aliyekuwa amekaa mbele yake kwa adabu kama mtu aliyealikwa. Akaendelea na safari yake. Mbwa naye akaendelea na safari yake, na safari zao zikawa moja.

Uchochoro wa Shangazi Bay, mama mwenye nyumba ya vitanda vya bei nafuu, uko nyuma ya mtaa wa wageni, na namba ya nyumba ina mikwaju miwili: uchochoro ndani ya uchochoro, kisha nyumba. Nhai aliipata mwisho kabisa: ghorofa tatu nyembamba, kibao cha vitanda vya kulala wageni, geti la chuma la kukunja. Mlango wa nyuma ya geti ulikuwa wazi. Kichwa chake kilikuwa bado kwenye treni. Akanyoosha mkono kulisukuma geti.

"Ishia hapo hapo."

Nyuma ya nondo alisimama mwanamke mnene wa miaka sitini, nguo ya hariri nyekundu mwilini, vibana nywele kumi kichwani.

"Shikamoo, Shangazi. Mimi Nhai, niliyepiga simu juzi kuhusu kitanda."

"Marahaba, mwanangu. Mguu wako uko wapi?"

"Huu hapa."

"Urudishe nyuma. Zaidi. Haya, sasa tunaweza kusalimiana."

Nhai akaona aibu hadi masikioni. Si kwamba hakujua. Mtoto wa miaka minne anajua: mtu wa kwanza kuingia nyumbani siku ya kwanza ya Tet huingia na mwaka mzima mkononi. Akiwa na baraka, mwaka una baraka. Akiwa na nuksi, mtaikoma. Ndiyo maana mtu huyo huchaguliwa mapema kama mchumba, kwa nyota yake, yaani mnyama wa mwaka aliozaliwa kati ya wale kumi na wawili wanaopokezana miaka, kwa mfuko wake, hata kwa tumbo lake. Na yeye nusura aingie na begi lenye vumbi la miji tisa.

"Nisamehe, Shangazi. Mji wenu umenilewesha."

"Unaongea kama taarifa ya habari," alisema Shangazi Bay, kwa maana watu wa Kusini husikia lafudhi ya Kaskazini hivyo. "Subiri hapo. Namsubiri Bwana Khanh, muuza dhahabu. Akishaingia yeye, wewe ingia hata kwa kichwa. Umekula?"

"Nimekula."

"Hujala."

Kupitia kwenye nondo ukapita wali wa kunata uliofungwa majani ya mgomba, kikapita kibakuli cha nguruwe na mayai yaliyochemshwa kwa maji ya dafu, ikapita chai yenye barafu. Shangazi Bay hakuweza kutoka: akitoka, atakapoingia tena yeye ndiye atakuwa wa kwanza. Kwa hiyo walikaa, mmoja ndani kwenye kigoda, mwingine nje juu ya begi, kama mfungwa na jamaa yake, ila isingekuwa rahisi kusema nani kafungwa. Mbwa akalala miguuni pa Nhai.

"Na kwa nini Bwana Khanh?" Nhai aliuliza, mdomo umejaa.

"Kwanza uliza mwaka jana aliingia nani. Shemeji yangu. Hana kazi, jino linamuuma. Nikasema, aah, si shemeji tu. Mwezi wa pili mashine ya kupoza hewa ikalipuka. Wa nne mume wangu akateleza hapo ulipokaa, akavunjika mguu, wakaunga, haukuunga, wakavunja tena. Wa tisa Mjerumani mmoja akaniandika kwenye simu, dunia nzima inasoma, eti hapa majogoo wanawika usiku. Jogoo anajua saa ya Ujerumani?" Akashusha sauti. "Nina vitanda kumi na viwili, mwanangu. Mwezi uliopita walilala watu watatu. Mwaka mwingine kama ule, nyumba hii nawapa wale wa maghorofa waibomoe. Wameshakuja mara mbili na karatasi zao."

Kutoka ndani sauti ya mwanamume ikasema, "Mara tatu." Huyo alikuwa mume wake, kwenye kiti kirefu, mguu wa plasta juu ya stuli.

"Na mwaka huu ni wa Farasi, na mimi nimezaliwa mwaka wa Farasi," Shangazi Bay aliendelea. "Mtu akirudiwa na mwaka wake mwenyewe anatembea kama aliyebeba mchuzi kichwani. Khanh ni Chuimilia. Chuimilia, Farasi na Mbwa, hao ni damu moja. Anayemgonga Farasi ni mmoja tu."

"Panya," alisema Nhai polepole.

"Panya. Panya akitangulia humu leo, afadhali niichome nyumba mwenyewe."

Nhai alimeza yai bila kulitafuna. Yeye alizaliwa mwaka wa Panya.

Hakusema. Hakuulizwa. Akajisogeza nyuma na begi lake hatua mbili zaidi, kwa heshima.

Saa mbili ikapita, saa tatu ikaja, uchochoro ukaanza kuamka. Watoto wakatoka na nguo mpya zinazowasha shingoni. Akaja Shangazi Ut, muuza maji ya muwa wa nyumba ya mkabala, mwembamba kama muwa wake. Alikuwa ameshamaliza shughuli: mkwe wake aliingia saa sita na dakika tano usiku, wakafunga hesabu.

"Bay," alisema, na furaha ya mtu mwenye habari ilimjaa usoni hata akashindwa kuificha, "unamsubiri Khanh?"

"Namsubiri nani tena?"

"Khanh yuko kwa yule wa kahawa, pale kona. Walimvizia saa kumi na moja alfajiri. Ameingia kwao, wamempa mvinyo wa mchele, sasa amelala kwenye benchi, viatu mikononi. Nimepita nimemwona kwa macho yangu mawili. Nikarudi nikamwona tena."

Shangazi Bay alishika nondo kwa mikono yote miwili. Hakupiga kelele, na uchochoro mzima ulijua kuwa Bay akinyamaza, mambo yameharibika. Vibana nywele vikaanza kumwanguka kimoja kimoja.

"Nilimpelekea bata wawili," alisema mwishowe.

Shangazi Ut akatazama huku na huku kutafuta la kusaidia, na macho yake yakamwangukia Nhai: mashavu mekundu kwa joto, uso bado unang'aa kwa treni na mto na ghorofa themanini na moja.

"Na huyu?"

"Huyu mgeni wangu."

"Mtazame basi. Uso wa kicheko. Huna msiba, binti?"

"Sina, Shangazi."

"Afya anayo. Ametoka mbali, maana yake wageni watatoka mbali. Na begi kubwa namna hiyo. Nani anaingia na mikono mitupu? Binti, umezaliwa mwaka gani?"

Wote wakamtazama: Bay nyuma ya nondo, mume wake aliyejivuta kwenye kiti ili aone, watoto, hata mbwa. Tangu azaliwe, hakuna aliyewahi kumtazama Nhai asubuhi ya Tet kwa hamu namna ile. Na jibu likatoka kabla hajalipima.

"Chuimilia. Tisini na nane."

Ikawa sherehe. Shangazi Ut alimvuta hadi kwake, akamwosha uso, akamvisha nguo ndefu nyekundu ya binti yake, akampaka rangi ya mdomo kwa kidole. "Uingie na mguu wa kulia," alimfundisha, "ucheke, usicheke sana kama kichaa, uombee afya, wageni na fedha, kwa sauti, majirani wasikie wakonde." Nhai alicheka kweli. Saa tano tu ndani ya Saigon, na ameshakuwa mtu wa kutandikiwa.

Waliporudi geti lilikuwa limekunjwa hadi mwisho. Kizingiti kimefagiliwa. Shangazi Bay amechana nywele, ameshika bahasha nyekundu kwa mikono miwili. Nyuma yake mume wake alikuwa ameinuka. Amesimama kwa mguu mmoja, kashikilia ukuta, kwa adabu ya kumpokea.

"Na mguu wangu uutaje, mwanangu," alisema. "Wa kushoto. Usije ukawachanganya."

Nhai akainua mguu wa kulia. Na hapo, juu ya kizingiti cha watu, akaona zizi la ng'ombe la kwao. Baba yake naye ni Farasi. Kila Tet, tangu akiwa mtoto, mama yake alimwamsha kukiwa bado giza, akamfunga skafu, akampeleka nyuma ya zizi kusubiri hadi jirani aingie, Panya asiwe uso wa kwanza baba kuuona. Hapakuwa na chuki. Mama alikuja na uji wa moto, wakasubiri pamoja, wakisikiliza ng'ombe wakicheua. Nhai hakuwahi kujua kama anaamini mambo haya. Lakini mama yake aliacha moto wake na watu wake akasimama kwenye baridi, kila mwaka, ili baba apate mwaka mzuri. Na yeye sasa anakuja kumwibia mke wa mtu kitu hicho hicho.

Mguu ulibaki hewani.

"Shangazi," alisema, "mimi si Chuimilia."

"Wewe ni nini?"

"Tisini na sita."

Shangazi Ut alihesabu kwa vidole, hakuhitaji hata vyote. "Panya," alisema, akakaa chini kwenye begi.

"Rudia," alisema Bay.

"Mimi ni Panya, Shangazi. Nilisema uongo. Mlinitazama vizuri mno."

"Na jioni ungetoa kitambulisho!" Shangazi Ut aliwaka. "Kila mgeni anatoa kitambulisho, kinaandikwa kwenye kitabu. Tungesoma baada ya balaa kuingia. Huko milimani hata kudanganya hawawafundishi?"

Nhai aliurudisha mguu, akarudi nyuma hatua moja, mbili, kichwa chini, ili nafasi kati yake na kizingiti iwe kubwa kadiri iwezekanavyo. Nafasi hiyo ndiyo aliyoingoja mwenzake. Tangu asubuhi alikuwa amelala akiisikia harufu ya mchuzi wa nguruwe nyuma ya chuma, na sasa chuma hakipo na miguu ya watu imeondoka njiani. Mbwa aliinuka, akajinyoosha mbele, akajinyoosha nyuma, akapita katikati yao wote bila haraka, akaruka kizingiti, akaingia.

Mbwa aliuzunguka ukumbi mara moja kama mpangaji anayekagua chumba. Akanusa plasta ya mguu wa kushoto, juu hadi chini. Akalala juu yake.

Mume wa Bay, kwa uangalifu sana, akakaa.

"Paka akija mwenyewe ni ukata," alisema, "mbwa akija mwenyewe ni utajiri. Bibi yangu alikuwa akisema."

"Bibi wa kila mtu alikuwa akisema," alisema Bay. "Huyu mbwa wa nani?"

"Hana mwenyewe," alisema Nhai. "Amenifuata kutoka sokoni."

"Ulimfunga kamba?"

"Hapana. Nilimpa nusu andazi."

"Kwa hiyo amekuja kwa hiari yake. Amefika getini, amesubiri. Ameingia tumbo limejaa." Bay alikuwa akipanga ushahidi kidole kwa kidole. "Chuimilia, Farasi…"

"Na Mbwa," alisema Shangazi Ut, akasimama. "Lakini wanamaanisha mtu aliyezaliwa mwaka wa Mbwa, Bay. Si mbwa mwenyewe."

"Mtu aliyezaliwa mwaka wa Mbwa ana mbwa kidogo. Huyu ni mbwa mtupu. Umeona wapi aliyezidi?"

Kicheko kilianzia chini kabisa, tumboni mwa Shangazi Bay, kikapanda kikatikisa hariri yote, kikatoka. Mume akacheka. Watoto wakacheka bila kujua nini. Bahasha nyekundu ikafungwa kwa utepe shingoni mwa mbwa, na mume wa Bay, aliyekuwa mtu wa maneno machache, akampa jina papo hapo. Akamwita Bwana Khanh.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Hawakusema aje kwa miguu mingapi.

Nhai aliingia wa pili, kwa mguu wa kulia, akaombea afya, wageni, fedha na mguu wa kushoto kwa sauti iliyofika hadi kwa muuza kahawa. Kisha akatoa kitambulisho. Shangazi Bay alivaa miwani, akakisoma mbele na nyuma.

"Panya kabisa," alisema. "Thelathini." Akamtazama juu ya miwani. "Mume yuko wapi?"

Nhai alicheka hadi akashika ukuta. "Shangazi, swali hilo nimelikimbia kilomita elfu mbili."

"Hukukimbia vizuri."

Saa nane mchana kalenda ya ukutani, ile inayotaja saa na pande za heri, ilisema safari ya kwanza ya mwaka iwe ya kuelekea mashariki. Shangazi Bay alisema atakwenda hadi kona na kurudi, kama kila mwaka. Nhai akasema treni inaelekea mashariki. Bay akasema chini ya ardhi ni makazi ya waliokufa, na kwamba treni hiyo imepita karibu na kwake zaidi ya mwaka na hajawahi kuitazama. Ilichukua nusu saa na kikombe cha chai kumtoa. Basi ikawa hivyo: msichana aliyeingia mjini alfajiri akamwongoza mzaliwa wa Saigon kushuka ngazi zinazojisogeza, akamwonyesha pa kugusisha tiketi, akamwambia asiogope mlango.

Chini gizani Bay alimshika mkono hadi kucha zikaacha alama. Kisha treni ikapanda, mwanga ukamwagika ndani, ukaja mto.

Shangazi Bay akauachia mkono. Akasogea kwenye kioo.

"Ule ni mto wetu?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Mbona hawakuniambia kuwa ni mkubwa hivi?" Likaja lile jengo refu. Midomo yake ikaanza kuhesabu. Nhai akamwacha, alijua atakwama thelathini na kitu.

Simu ikalia. Alikuwa mume, na alizungumza kwa sauti kubwa kama watu wa umri wake, hivyo behewa zima lilisikia. Kuna watu wawili getini, mabegi mgongoni, mmoja mrefu mmoja mwekundu kwa jua. Wanauliza kama pana vitanda. Na Bwana Khanh amekwenda kuwapokea mwenyewe, na bahasha yake shingoni.

"Waulize wamezaliwa mwaka…" Shangazi Bay alianza, kwa mazoea. Akanyamaza. Nje jua lilikuwa likipiga kwenye vioo vya Saigon, ghorofa kwa ghorofa, na hesabu ilikuwa imeshampotea.

"Wafungulie," alisema. "Waambie tu mapema kwamba kuna majogoo."

Akakata simu, akaibandika pua yake kwenye kioo, karibu na pua ya Nhai.